Maswali ya Wasomaji: Chuo Kikuu cha Nchi Isiyokuwepo

Barua za safari hii zimetoka kwa waandishi wa riwaya na watunzi wa michezo wanaojenga nchi za kubuni, na karibu zote zimekwama mahali pamoja: chuo kikuu. Tumejibu tano.

Swali: Nchi niliyoibuni ina bara dogo na visiwa vinne. Nataka iwe na chuo kikuu binafsi cha heshima, chenye kampasi saba. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye cheti. Mhitimu wa kampasi ya kisiwani anapopokea shahada yake, karatasi ile inataja jina gani, na imetiwa sahihi na nani? Ikitaja chuo bila kampasi, hicho ni chuo kimoja chenye matawi: seneti moja (baraza la taaluma la chuo), mtaala mmoja, udahili mmoja. Ikitaja kampasi, hilo ni shirikisho, na kila kampasi itakuwa na hadhi yake na wivu wake. Chuo Kikuu cha California ni cha umma, lakini kinafaa kutazamwa: kina kampasi 10, kila moja hudahili wanafunzi wake, na mtu aliyesoma Berkeley hujitambulisha kwa Berkeley. Mwandishi akichanganya mifumo hii miwili, msomaji aliyepita chuoni humkamata mapema.

Halafu punguza. Kampasi saba ni nyingi mno, maana kila moja inadai sababu ya kuwa pale ilipo. Udaktari hufuata wagonjwa. Hospitali ya kufundishia haiwezi kukaa kwenye kisiwa cha watu elfu kumi, kwa sababu mwanafunzi anaweza kumaliza mwaka bila kuuona ugonjwa anaotakiwa kuujua. Sayansi ya bahari hufuata pwani, kilimo hufuata udongo na mvua, sheria hufuata mahakama kuu. Hizo ni nne. Tatu zilizobaki zifute, au zipe sababu ya aibu: tajiri alitoa kiwanja kwa sharti kwamba chuo kijenge kijijini kwao. Sababu za aibu ndizo zenye hadithi.

Kampasi pia hazizaliwi siku moja. Chuo Kikuu cha West Indies, kinachohudumia visiwa vingi vya Karibi, kilianza 1948 huko Mona, Jamaika, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. St Augustine ya Trinidad ikaingia 1960, Cave Hill ya Barbados 1963, na Five Islands ya Antigua 2019. Kwa vyuo binafsi, tazama Chuo Kikuu cha Aga Khan: kilipata hati yake ya kuanzishwa Karachi mwaka 1983, kikaanza na sayansi za afya, ndipo kikavuka hadi Afrika Mashariki na London. Pengo la miaka lionekane kwa macho. Kampasi kongwe ina miti mikubwa, maktaba iliyojaa na wazee wanaokalia viti vilevile vya seneti. Kampasi changa ina maabara mpya isiyo na fundi.

Usiogope chuo kuwa kikongwe kuliko nchi. Harvard ilianzishwa 1636, miaka 140 kabla ya Marekani kutangaza uhuru. Ila jiulize hati ya mfalme wa zamani ina nguvu gani chini ya serikali mpya. Chuo cha Dartmouth kilipewa hati mwaka 1769 kwa jina la mfalme wa Uingereza. Mwaka 1816 bunge la New Hampshire likaibadilisha ili kukitia mkononi mwake. Wadhamini walikwenda mahakamani, na mwaka 1819 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba hati ile ni mkataba ambao bunge la jimbo haliwezi kuuvunja. Kesi ya namna hiyo inatosha kubeba nusu ya riwaya.

Swali: Katika mswada wangu, mkuu wa chuo anamfukuza mwanafunzi papo hapo ofisini. Mhariri amekataa. Kuna kosa gani?

Jibu: Makosa mawili. Katika vyuo vinavyofuata mfumo wa Kiingereza, mkuu wa chuo, yaani chansela, ni mtu wa heshima: huvaa joho, hutunuku shahada siku ya mahafali, basi. Anayeendesha chuo ni makamu mkuu wa chuo, na kila kampasi huweza kuwa na rasi wake, yaani mkuu wa kampasi hiyo. Katika mfumo wa Kimarekani mwendeshaji huitwa rais wa chuo. Chagua mmoja.

Kosa la pili ni haraka. Mashtaka huandikwa, mwanafunzi hupewa nakala na siku za kujibu, kamati ya nidhamu humsikiliza, uamuzi hutoka kwa maandishi, na rufaa huwa wazi. Rasi anaweza kumsimamisha masomo siku hiyohiyo ikiwa kuna hatari. Kumfukuza hawezi peke yake. Ukitaka dhuluma katika hadithi, ipitishe ndani ya utaratibu: barua ya mashtaka itumwe kwenye anwani ya kampasi ambayo mwanafunzi alishaihama, siku za kujibu ziishe kabla hajaiona. Hiyo inaaminika, na inauma zaidi.

Swali: Chuo changu ni kigumu kuingia, kina wanafunzi 40,000 katika kampasi nne, na nusu yao wanasoma bure kwa fedha za wakfu. Nchi ina watu milioni 2. Rafiki yangu anasema hesabu haikai. Kweli?

Jibu: Kweli kabisa. Katika nchi yenye vijana wengi, watu wa umri mmoja, tuseme miaka 19, ni kama asilimia 2 ya wote. Kwako ni vijana 40,000. Shahada ikichukua miaka minne, chuo chako kinahitaji wapya zaidi ya 10,000 kila mwaka, yaani robo ya rika zima. Mlango unaopitisha robo ya rika hauwezi kuitwa mwembamba.

Shuka hadi wanafunzi 6,000. Ukidahili 1,600 kwa mwaka (wachache wataacha njiani), unachukua kijana 1 kati ya 25. Hapo kuna ushindani. Kwa mhadhiri mmoja kwa wanafunzi 15, unahitaji wahadhiri 400. Usiwagawe wanafunzi sawasawa: weka 3,200 kampasi kuu, kisha 1,400, 900 na 500. Ile ya 500 itakuwa na wahadhiri kama 33, kwa hiyo itafundisha shahada mbili au tatu, si kumi na mbili. Mhadhiri mmoja akiugua, somo zima husimama.

Sasa fedha. Tuseme kumsomesha mtu mmoja kunagharimu 10,000 za sarafu yako kwa mwaka. Bajeti ni milioni 60. Nusu wakilipa ada kamili, unapata milioni 30 na kubaki na pengo la milioni 30. Wakfu, yaani mtaji wa chuo uliowekezwa, hutoa asilimia 4 hadi 5 ya thamani yake kwa mwaka. Kuziba pengo lile kwa asilimia 5 unahitaji wakfu wa milioni 600, mara kumi ya bajeti nzima. Si muhali, lakini huo ni utajiri wa kutisha, na lazima ueleze ulikotoka. Wakfu wa milioni 200 hutoa milioni 10, zinazosomesha wanafunzi 1,000 bure, mmoja katika sita. Kwa sifa ya nchi ndogo inatosha.

Kwa nini chuo kisichote asilimia 10 mwaka mmoja mbaya? Kwa sababu mfumuko wa bei unaula mtaji, na kilichotolewa soko likiwa chini hakirudi. Tena sehemu kubwa ya wakfu hufungwa na masharti ya watoaji. Fedha ya uprofesa wa falaki haizibi paa la bweni, hata likivuja juu ya kitanda cha profesa huyohuyo.

Swali: Kampasi zangu mbili zimepishana saa mbili. Nataka mtihani uvuje. Utavujaje?

Jibu: Mtihani wa saa tatu ukianza saa 2:00 asubuhi kwa saa za kila mahali, mashariki wataanza saa 2:00 na kumaliza saa 5:00. Magharibi wataingia mashariki ikiwa saa 4:00. Anayeruhusiwa kutoka mashariki saa 3:00 ana saa nzima ya kupiga simu. Chuo makini huzuia kutoka kabla ya saa 4:15 za mashariki, wakati wenzao wamekwisha kaa na simu zimekusanywa. Basi uvujishe kwa udhaifu wa kibinadamu: msimamizi anamhurumia mgonjwa, anamfungulia mlango saa 3:20. Kampasi zikipishana saa tatu au zaidi, kanuni hiyo haifai tena. Zinahitaji karatasi mbili tofauti.

Swali: Jina na kaulimbiu nichague vipi?

Jibu: Kilatini kiwepo tu kama nchi yako ina sababu ya kukijua. Kwa jina, mtoaji hufaa kuliko mwanzilishi: John Harvard hakuanzisha Harvard, bali alipofariki 1638 aliiachia nusu ya mali yake na vitabu kama 400. Stanford hubeba jina la kijana aliyefariki 1884 akiwa na miaka 15. Kisha likate, kwa kuwa wanafunzi hawatamki jina refu, na kila kampasi ipate jina la utani kutoka kwa kampasi jirani. Kabla ya kuchapa, soma kifupi hicho kwa sauti katika lugha ya pili ya nchi yako, usije ukakuta ni tusi.