Gunia la mahindi halibebeki usiku: jibu kwa dada wa Kitengela

Dadangu, umeuliza kama magunia mawili ya mahindi, katoni za maji na taa ya sola vinatosha kwa mama mpangaji mwenye watoto wawili, mdogo ana pumu, uchaguzi wa Agosti 2027 ukikaribia. Wengine waliokujibu hapo juu wamekuambia unajiitia nuksi. Hujiitii. Endelea kujiandaa, ila kuna upande ambao hujautaja kabisa, na ndio ulioniumiza mimi. Januari 2008 nilikuwa na gunia la kilo 90 ndani ya nyumba, hapa Nakuru, na sikuonja hata punje yake.

Tulikaa Kaptembwo, ploti ya vyumba kumi na viwili, geti moja la chuma, mfereji na vyoo vya pamoja uani. Kura ilipigwa tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa Jumapili tarehe 30, na jioni ileile rais akaapishwa. Upinzani ukayakataa matokeo, na Eldoret na Kisumu kukawaka. Sisi tulikuwa na wasiwasi lakini tulilala kwetu. Watu waliotoroka Burnt Forest, upande wa Eldoret, na kwingineko wakaanza kuingia mjini kwa malori, wakapiga kambi uwanja wa Showground. Mimi na akina mama wa kanisani tuliwapelekea nguo, blanketi na sufuria. Nilivyoona hali yao nikarudi nyumbani nikanunua gunia la mahindi, maharage debe moja na mafuta ya kupikia lita kumi. Nikajua nimemaliza kujiandaa.

Moto ulitufikia usiku wa Alhamisi, tarehe 24 Januari. Kesho yake mji ukawekewa kafyu. Hesabu hapo, dada: ni wiki nne kamili tangu siku ya kupiga kura. Watu wengi hujaza chakula kwa ajili ya siku ya kura na siku tatu za kusubiri matokeo, kisha wanashusha pumzi, wanapika vyote, wanarudisha watoto kutoka mashambani. Mwaka 2017 tulipiga kura tarehe 8 Agosti, Mahakama ya Juu ikabatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba, tukarudia tarehe 26 Oktoba. Karibu miezi mitatu ya roho juu. Mwaka 2022 kura ilikuwa tarehe 9 Agosti na uamuzi wa mahakama ukatoka tarehe 5 Septemba. Kwa hiyo akiba yako usiipangie siku moja. Ipangie msimu mzima, na kila ulichotumia ukirudishe.

Usiku ule jirani wa mlango wa tatu aligonga dirisha langu saa nane. Alikuwa mtu wa kabila ambalo wakati huo sisi tuliambiwa ndilo adui, na wao waliambiwa hivyohivyo kutuhusu. Alisema, "Mama, tokeni sasa hivi, usiwashe taa." Mama yangu mzazi alikuwa anaishi nami na magoti yalikuwa yanamsumbua. Jirani akambeba mgongoni, tukapenya nyuma ya vyoo kwenye bati lililolegea, tukafuata reli hadi kituo cha polisi. Nilikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mgongoni, wa miaka saba nimemshika mkono, leso mbili na simu iliyobakiza chaji kidogo. Gunia lilibaki pale pale kando ya kitanda. Asubuhi nyumba ilikuwa imechomwa. Baada ya siku mbili tukahamishiwa Showground, mahali pale pale nilipokuwa nimepeleka nguo wiki tatu nyuma.

Vidonge vya presha vya mama vilibaki juu ya kabati. Pale kambini watoa huduma walikuwa wachache na sisi tulikuwa maelfu, na hatukuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha anameza dawa gani. Yeye mwenyewe alijua tu kuwa ni vidonge vidogo vyeupe. Siku ya sita upande wake wa kushoto ulikufa ganzi. Aliishi miaka minane zaidi, lakini hakushika jembe tena wala kusuka kikapu, kazi aliyoipenda kuliko zote. Karatasi moja yenye jina la dawa na kipimo chake ingekaa ndani ya sidiria yangu. Vidonge vya wiki mbili vingeingia kwenye kiganja. Hilo ninaliwaza mpaka leo.

Jambo la pili ni baba watoto. Alikuwa kazini Nairobi. Jumapili tarehe 27 Naivasha nako kukachafuka, barabara kuu ikafungwa kwa mawe na matairi. Alipofika Nakuru katikati ya wiki simu yangu ilikuwa imekwisha chaji. Alitutafuta kituo cha polisi, akatutafuta kanisani, akaenda hospitalini, halafu mochari. Siku tatu tuko mji mmoja na hatuonani, kwa sababu katika miaka tisa ya ndoa hatukuwa tumewahi kuambiana: tukipotezana tutafutane wapi? Mtoto wa miaka saba hakujua namba ya mtu yeyote kwa kichwa. Angeijua ya shangazi yake wa Nyahururu, baba yake angetupata siku ya kwanza.

Ndiyo maana nakuambia maandalizi ni mawili na hayafanani. Kuna kujiandaa kukaa ndani, na kuna kujiandaa kuondoka. Wewe umeandaa la kwanza tu.

La kuondoka huanzia kwenye mkoba mmoja unaoweza kuubeba huku una mtoto mgongoni. Ujaribu kweli: jaza, funga mtoto, panda na kushuka ngazi za jengo lenu. Ukihema, punguza. Wangu una vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki na vyeti vya shule, vyote ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, na nakala nyingine iko kwa dada yangu. Wapo majirani zangu ambao vyeti vyao viliungua na wakahangaika miaka kuvirudisha, maana ofisi inakudai karatasi moja ili ikupe nyingine. Kuna dawa za siku kumi na nne na ile karatasi ya majina ya dawa. Kuna sodo na nguo za ndani, hili wanaume wa humu hawatakuambia, na kambini lilikuwa aibu yetu ya kila siku. Kuna sabuni, tochi, chaja na betri ya akiba ya simu, leso mbili, chupa ya maji, njugu na biskuti. Na daftari dogo lenye namba za watu, pamoja na 999 na 112 za polisi na 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Pesa weka noti za hamsini na mia, kidogo kwenye mkoba na kidogo mwilini. Tulipokuwa kituoni kuna mama alikuwa na noti ya elfu moja na akashindwa kununua mkate kwa kukosa chenji. Usitegemee pesa iliyo kwenye simu peke yake. Ajenti akifunga duka, haitoki. Na majirani zetu wa Tanzania Oktoba 2025 walikatiwa intaneti siku kadhaa huku Dar es Salaam ikiwa chini ya kafyu, kwa hiyo mwenye kupanga kila kitu kupitia WhatsApp ajue kuna siku itanyamaza. Mwaka 2008 kadi za kuongeza salio ziliadimika hapa mjini, iliyopatikana ikauzwa ghali. Tuliokolewa na jamaa wa mbali waliotusambazia salio. Weka la akiba na usiliguse.

Kisha amua mapema utaondoka ukiona nini. Hili ni gumu kuliko kununua vitu, kwa sababu usiku wenyewe ukifika akili inakudanganya kuwa kutatulia. Mimi na mume wangu tumeandika dalili na tumekubaliana zikitokea mbili, watoto wanaondoka siku hiyohiyo, sisi tutabaki kubishana baadaye. Mwenye duka akianza kuhamisha bidhaa usiku. Majirani wakiwasafirisha wake na watoto wao bila kuaga. Vikaratasi vya vitisho, au alama kwenye milango. Matatu zikikataa kupita njia zake za kila siku. Vijana wageni wakianza kukaa kwenye kona na hakuna anayejua ni wa nani. Karibu zote hizi zilionekana kwetu kabla ya tarehe 24, na kila mmoja alimwuliza mwenzake, "Umeona?" kisha tukaingia ndani tukafunga milango.

Mahali pa kwenda chagua pawili, pande mbili tofauti za mji, kwa sababu barabara moja inaweza kufungwa. Pita njia hizo kwa miguu mchana na watoto. Wafundishe namba mbili kwa kichwa, waimbe kama wimbo mpaka zikolee. Mwalimu wa darasa aandikiwe ni nani anayeruhusiwa kumchukua mtoto wewe usipofika.

Sasa majirani. Mchangiaji mmoja hapo juu amekushauri usimwambie mtu yeyote kuwa una akiba na uweke panga chini ya kitanda. Namheshimu lakini simkubalii. Mimi sikuokolewa na panga, na mama mwenye watoto wawili hawezi kuwazuia vijana thelathini mlangoni kwa panga. Litawapa sababu ya kukuumiza tu. Kuhusu akiba, ni kweli usiitangaze. Ila watu wa jengo lako uwajue kwa majina, ujue nani ni mgonjwa, nani mjamzito, nani ana gari. Jirani yangu alinigongea dirisha kwa sababu mke wake alipojifungua nilimpikia uji wiki nzima, na yeye mwenyewe aliniambia hivyo. Hatukupanga lolote zaidi ya hapo. Katika ploti yetu ya sasa tumepanga: kabla ya uchaguzi tunaketi uani, tunakubaliana saa ya kufunga geti, nani ana funguo, na kwamba mtu akija kuuliza nani anaishi mlango gani, hakuna atakayemjibu. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza machafuko yale, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini, na wapo walioshambuliwa majumbani baada ya kuonyeshewa kidole na mtu anayewajua. Mkutano wa uani unafanya kidole hicho kiwe kizito kuinuka.

La kukaa ndani nitalipitia haraka, maana umelianza vizuri. Hayo mahindi mazima yauze au yasage. Githeri inakula makaa saa tatu, na makaa ndiyo yanayokwisha kwanza. Nunua unga, mchele, ndengu, omena, sukari na chumvi. Ndengu zinaiva upesi kuliko maharage. Weka akiba ya wiki mbili ya vitu mnavyokula kila siku, toa cha zamani mbele, kipya nyuma. Maji ni muhimu kuliko chakula: kila jerikeni tupu ijazwe, na weka chupa ya dawa ya kutibu maji, fuata kipimo kilichoandikwa, subiri nusu saa ndipo mnywe. Mtoto akiharisha na duka limefungwa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyo na kilima, nusu kijiko kidogo cha chumvi, basi, usizidishe chumvi. Na tafadhali, jiko la makaa lisiingie chumba mlicholala mkifunga madirisha kwa hofu ya nje. Gesi yake haina harufu na inaua watu wamelala. Risasi zikisikika, wote sakafuni, mbali na dirisha, nyuma ya ukuta wa mawe, kwani bati halizuii kitu.

Habari za simu zichuje. Mwaka 2008 SMS za uongo zilituchochea kuliko mawe. Nina watu wawili ninaowaamini katika kila mtaa unaotuhusu, nampigia mmoja, nampigia wa pili, wakikubaliana ndipo nahama. Siwatumii wengine nisichokithibitisha.

Nirudi kwa mtoto wako mdogo, maana ndiye aliyenifanya niandike haya yote. Pumu na moshi wa matairi au vitoza machozi haviwezi kukaa pamoja. Yeye ndiye atangulie kuondoka, hata kabla ya dalili ya pili, hata ukionekana mwoga. Wiki hii nenda kliniki uombe kuandikiwa pampu ya akiba, iingie kwenye mkoba na kile kichupa chake cha kuvutia dawa, na uandike kwenye karatasi jina la dawa, mara ngapi kwa siku, na ufanye nini akishikwa. Mfundishe na mkubwa. Ana miaka mingapi? Wangu wa miaka saba angeweza kubeba pampu ya ndugu yake bila shida, kama mtu angemwambia iko wapi.