Re: MySQL inakufa saa 8 usiku, nataka kuiwekea -1000

Mkuu, USIWEKE. Toa mkono kwenye kibodi kwanza.

Unasema seva ina RAM ya GB 2, MySQL (programu ya hifadhidata) inauawa kila saa 8 usiku, na kuna mtu kakwambia uandike OOMScoreAdjust=-1000 (yaani Linux isiiue MySQL hata RAM ikiisha) yaishe. Mimi niliandika mstari huohuo kwenye seva ya duka la mteja, na balaa ni kwamba ulifanya kazi! MySQL haikufa tena. Nikatuma bili, nikaagiza soda baridi, nikajiona fundi.

Kumbe RAM ikiisha kerneli (kiini cha Linux) lazima iue programu mojawapo, na kwa kawaida inamfuata mlaji mkubwa kuliko wote. Ukishampa MySQL -1000 haguswi kabisa, kwa hiyo rungu linamshukia wa pili. Kwangu wa pili alikuwa skripti ya PHP ya kuchukua bakapu, inayoanza saa 8 kamili. Siku 9 mfululizo inauawa katikati, kimya kimya, na kila asubuhi faili lipo kwenye folda na tarehe yake safi. Mimi kazi yangu kuhesabu mafaili, kuyapima ukubwa wala! Siku ya 10 kijana wa dukani akafuta oda za mwezi mzima. Mteja ananipigia, ametulia tuli: "Si unazo bakapu?" Ninazo bosi, 9, zote nusu. Tulikesha tukijaza oda upya kutoka kwenye meseji za malipo za simu yake, moja baada ya nyingine. Ile bili usiniulize.

Na yule jamaa wa video niliyemwiga, "seva isiyokufa kwa mstari mmoja", hakugusia hata kwa bahati mbaya nani atakufa badala yake. Nilipomwandikia akanijibu kwa kikatuni cha kucheka. Mungu anamwona.

Kabla hujagusa chochote, soma logi:

journalctl -k | grep -i -B 60 "out of memory"

Juu ya mstari wa mauaji kuna orodha ya prosesi zote zilizokuwepo. Safu ya rss (RAM ambayo kila prosesi inakalia) imehesabiwa kwa kurasa, kwa kawaida za KB 4, kwa hiyo zidisha kwa 4 upate KB. Aliyeuawa si lazima awe ndiye mwizi. Kwangu mwizi alikuwa bakapu yenyewe: inavuta jedwali zima la oda ndani ya RAM kwa mkupuo, na memory_limit (kikomo cha RAM cha PHP) nilishaiwekea -1, yaani bila kikomo, mimi mwenyewe kwa mikono yangu hii (hizi -1 na -1000 nina ugomvi nazo). Nikaitupa, nikaweka mysqldump (zana ya bakapu ya MySQL yenyewe), inayosoma rekodi moja moja, nikafuta na ule mstari wa -1000.

Sasa wewe pia ni saa 8, tena kila siku. Hiyo inanuka crontab (ratiba ya kazi zinazojianzisha zenyewe).

Na uliuliza pia kuhusu swap (diski kusaidia RAM) na kuhamia MariaDB (hifadhidata ndugu ya MySQL), sivyo? Tutafika huko. Leta kwanza logi na crontab -l ya root (mtumiaji mkuu wa seva) hapa, na uende ukapime ukubwa wa bakapu zako leo hii.