Maswali ya Wasomaji: "Abarikiwe yeye ajaye" ni kwa Yesu tu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Kwaya yetu hapa Kirumba, Mwanza, inajiandaa kumpokea askofu atakayekuja kwa kipaimara. Langoni tumetundika bango la Zaburi 118:26, "Na abarikiwe yeye ajaye kwa jina la BWANA", na akishuka garini tunataka kuimba Hosana. Mzee mmoja wa kanisa anasema maneno hayo ni ya Yesu peke yake, tuliondoe bango. Tufanyeje?

JIBU: Amina. Bango libaki. Hosana ndiyo muiondoe hapo langoni.

Zaburi ya 118 inafunga zile sita (113 hadi 118) ambazo Wayahudi huziimba kwenye sikukuu kubwa, Pasaka ikiwemo. Someni kuanzia aya ya 19 mtasikia watu wakijibizana langoni. Aliye nje anaomba afunguliwe malango ya haki, naye anajibiwa katika aya ya 20 kwamba hilo ni lango la BWANA, wenye haki ndio watakaoliingia. Aya ya 26 ni sauti ya walio ndani, yaelekea makuhani, wakimpokea anayefika. Hata leo Myahudi akikukaribisha kwake husema "baruh haba", yaani abarikiwe ajaye. Ndiyo "karibu" yake ya kila siku.

Mzee wenu naye hajakosea kabisa. Injili zote nne zinasimulia umati ukimwimbia Yesu aya hiyo alipoingia Yerusalemu, na Mathayo 21:9 inaongeza "Mwana wa Daudi". Hilo la Mwana wa Daudi msimpe askofu.

Hosana inatokana na aya ya 25: "utuokoe, twakusihi". Kabla ya kuwa shangwe ilikuwa kilio. Katika 2 Wafalme 6:26 mwanamke wa Samaria, wakati wa njaa, anamlilia mfalme kwa kitenzi hicho hicho cha Kiebrania, na mfalme anamjibu kwamba kama BWANA hamwokoi, yeye atamwokoa kwa kitu gani, kwa nafaka ya kiwanjani au divai ya shinikizoni? Sidhani askofu wenu angependa kuulizwa hivyo.

Katika kuimba, gawanyeni kwaya. Nusu isimame nje na mgeni, iimbe aya ya 19. Nusu iliyo ndani ijibu aya ya 20, kisha 26 yote. Kwaya nzima ikiimba kila kitu, mgeni anajikaribisha mwenyewe. Tena msikate nusu ya pili, "Tumewabarikia toka nyumbani mwa BWANA". Anayekuja ni mmoja, lakini wanaobarikiwa ni wengi, yaani msafara wote. Pumzi vuteni baada ya "ajaye", kwa kuwa alama za usomaji za Kiebrania zinatua hapo: jina la BWANA ndilo linalobariki.

SWALI: Ukerewe hatuna mitende. Jumapili ya Matawi tutumie nini?

JIBU: Yohana peke yake (12:13) ndiye anayetaja mitende. Mathayo anasema matawi ya miti tu, Marko anataja yaliyokatwa mashambani, na Luka anataja nguo zilizotandazwa bila tawi lolote. Mkindu, ule wa kusukia mikeka, ni ndugu wa karibu wa mtende na hupenda penye majimaji. Kateni makuti ya chini, muache kichomozi cha katikati, maana kikikatwa shina hilo limekufa. Na angalieni miiba iliyo kwenye kikonyo: ipareni kwa kisu kabla ya kuwapa watoto.