Mwenzangu alitoka siku ya pili, mimi nikakaa wiki nzima

Juzi dada mmoja kaniandikia: mdogo wake anatolewa tezi ya adrenali, je, aombe upasuaji wa matundu madogo au kufunguliwa tumbo? Nimecheka kidogo, maana mimi sikuulizwa. Kijitezi chenyewe hukaa juu ya figo kama kofia, ila uvimbe wangu ulishafika sentimita 9, na daktari akasema mkubwa hivyo anafungua, usije ukapasukia humo ndani.

Kitanda cha jirani alilazwa mama mmoja, wake haukufika hata sentimita 2, ule wa kupandisha presha na kushusha madini ya potasiamu kwenye damu. Akatobolewa matundu manne ubavuni. Kesho yake anajiendea chooni mwenyewe, analalamikia bega tu, kwa ile gesi wanayojaza tumboni. Siku ya pili akafungasha. Mimi huku nimekumbatia mto kila kikohozi kikija. Kukohoa na mshono chini ya mbavu, jamani, acheni tu! Nilitoka siku ya saba.

Wiki ya tatu wifi yangu akaja kuniona. Hata chai hajanywa: "Mbona mwenzio kasharudi dukani?" Neno lile bado ninalo. Nilinyamaza, na kwa hasira wiki ya nne nikanyanyua ndoo ya maji, nusu tu. Nikalala siku mbili.

Sasa nyinyi mnaouguza, nisikilizeni. Aliyefunguliwa mpeni wiki sita hadi nane, ndoo asiguse, maana kovu likiachia ni ngiri. Atembee kila siku, hata ukumbini. Aliyetobolewa wiki mbili tatu humtosha, lakini naye msimtume sokoni kwa kuwa tu kidonda hakionekani. Na muulizeni daktari uvimbe unatoa homoni gani. Ukiwa wa homoni ya kotisoli, hata kwa matundu anaweza kumeza haidrokotisoni, vidonge vya kushika nafasi ya homoni hiyo, kwa miezi, mpaka tezi iliyobaki upande wa pili iamke. Uchovu ule si uvivu, na vidonge asiviruke hata siku moja. Narudia, ndoo asiguse!

Ngozi pembeni ya kovu langu mpaka leo ina ganzi. Presha asubuhi hii ni 118 kwa 76, bila kidonge. Nimempigia picha kipimo, nikamtumia wifi. Kaisoma, hajajibu.