Je, mkoba ndio unaoiua diski yangu?

SWALI: Shikamoo, Fundi. Mimi ni mpiga video. Diski yangu ya nje, ya terabaiti 2, huzunguka nami mkobani kila siku, huu ni mwaka wa tatu. Wiki hii imeanza vituko: nikigusa waya inapotea kwenye kompyuta, mara inarudi. Mwenzangu anasema ni mitikisiko ya njiani, ninunue SSD, ile diski isiyo na kinachozunguka ndani. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Mkoba unasingiziwa. Ndani ya diski hiyo mna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kinaelea kichwa cha kusomea, kwa nafasi ya nanomita chache tu. Unywele wako ni mnene kuliko nafasi hiyo mara maelfu. Ukiizima diski, kichwa hujiondoa na kuegeshwa pembeni, hivyo diski iliyolala huvumilia mengi ambayo ingekuwa inazunguka yangeimaliza.

Haya yamenikuta. Diski moja ilinidondoka ngazini ikiwa imezimwa, nikaitumia miaka minne zaidi. Nyingine ilikuwa inanakili picha, nikajikwaa kwenye waya wake, ikaanguka kutoka kimeza kisichofika hata gotini. Ilipowashwa tena ikalia tak, tak, tak. Humo ndimo zilimokuwa picha za harusi ya dada yangu, na hadi leo ananikumbusha.

Kwa hiyo ninachokiogopa ni ile haraka ya kufunga laptopu na kuitia mkobani pamoja na diski, bado inazunguka. Iondoe kwanza kwa amri ya kompyuta (Eject), chomoa waya, kisha ishike mkononi mpaka usisikie mtetemo.

Ugonjwa wa diski yako, kwa dalili ulizotaja, uko kwenye waya au tundu lake. Kale katundu kapana na kembamba hulegea kila waya unapovutwa kwa upande, na wanaobeba diski mkobani huku waya umechomekwa ndio wateja wangu wakubwa. Leo hii ilaze mezani, usiiguse, nakili kila kitu kwingine. Kisha jaribu waya mpya, mfupi. Diski ikipotea vilevile, basi ni tundu. Kwenye diski nyingi za nje limeunganishwa moja kwa moja na bodi ya diski, kwa hiyo kuihamishia diski kwenye kasha jingine hakusaidii. Tundu linahitaji mtu wa kulichomelea upya. Ukisikia tak tak, izime na usijaribu tena. Na wanaokushauri uiweke kwenye friji eti ipone, waambie friji waweke nyama.

Mwenzako hajakosea kuhusu SSD. Haina kinachozunguka, na kwa mtu wa safari ningeichagua bila kusita. Ila tundu lake nalo huvunjika, na SSD ikifa mara nyingi hufa kimya, bila kulia wala kuaga. Usiifungie kabatini miaka bila umeme pia, kwani data hukaa humo kama chaji, na chaji huvuja polepole. Video za wateja ziwe na nakala ya pili inayobaki nyumbani. Hapo ile diski yako itafaa sana, ikishatibiwa.

Waya wa zamani ukate kwa mkasi kabla ya kuutupa. Ukiubakiza mzima, siku ya haraka utaurudisha mkobani.