Barua kwa mwanangu: usiku wa mstari mweupe

Mwanangu mpendwa,

Pesa ulizotuma zilifika Jumanne. Mamako ameshanunua dawa ya presha, na zilizobaki amezificha mahali anapodhani sipajui. Sisi hatujambo. Nakuru ni vumbi tu siku hizi. Upepo ukishuka kutoka Menengai, ukifungua redio ya mteja vumbi linaingia kabla ya bisibisi.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu swali lako halikuwa la kujibiwa kwa mstari mmoja kwenye simu. Uliniambia kwamba usiku wa kufunga mwaka, huko kwenye nyumba ya wazee unakofanya kazi, mliwasukuma wazee na viti vyao vya magurudumu hadi ukumbini mkawawashia televisheni. Kikaja kichekesho cha zamani, picha nyeusi na nyeupe, tena cha Kiingereza katikati ya Wajerumani watupu, na wazee wakawa wanayatamka maneno kabla ya mwigizaji kufungua mdomo. Na yule nyanya anayekuuliza jina lako upya kila asubuhi, alianza kucheka kabla ya mtumishi wa kwenye picha kujikwaa. Ukaniuliza: "Baba, kitu ukishakijua chote, kinakuchekesha nini tena?"

Nimekitafuta nikakiona. Kinaitwa Dinner for One, ni cha dakika 18 hivi, na kilirekodiwa na kituo cha NDR mwaka 1963, mwaka ule ule sisi tuliopata uhuru. Waigizaji ni wawili tu, Waingereza, Freddie Frinton na May Warden. Bikizee Miss Sophie anatimiza miaka 90 na amealika marafiki zake wanne chakula cha jioni. Tatizo ni kwamba marafiki wote wanne walishakufa. Basi mtumishi wake, James, anazunguka meza akijimiminia na kunywa kwa niaba ya kila marehemu, raundi nne, kila raundi na kinywaji chake. Sakafuni pana ngozi ya simbamarara yenye kichwa, na James akipita pale anajikwaa. Kabla ya kila kinywaji anauliza kama utaratibu ni ule wa mwaka jana, naye bibi anamjibu ni ule ule wa kila mwaka.

Nilichukua kalamu nikahesabu nyuma ya risiti. Anajikwaa mara kumi na moja. Lakini kuna mara moja anapita pale salama, bila kugusa kitu, halafu anasimama na kuangalia nyuma kama mtu aliyeibiwa. Hapo ndipo nilipocheka mpaka mamako akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Nilipomaliza kucheka nikaukumbuka usiku wa mstari. Sijui kama wewe unaukumbuka, ulikuwa darasa la pili.

Lakini kwanza niungame jambo moja. Televisheni zote ulizokua nazo pale Kaptembwo zilikuwa za wateja. Mtu akileta TV dukani, nikishaitengeneza naibeba nyumbani "kuijaribu usiku mmoja", na usiku mmoja ulikuwa na tabia ya kuzaa wiki. Wakati ule tulikuwa tunajaribu TV ya mwalimu mmoja, ya inchi 14, tukiitumia kwa betri ya gari, na erio nimeifunga juu ya mti wa mkaratusi nyuma ya nyumba. Watoto wa ploti nzima walikuwa wamejaa sebuleni, viatu vimerundikana mlangoni kama msikitini, maana ilikuwa saa ya Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho. Mzee Ojwang' ameingia, Mama Kayai amesimama anamngoja, na sote tunajua kinachofuata. Mara kioo kikafanya "tsss", picha ikajikunja juu na chini, ikabaki mstari mmoja mweupe katikati, mwembamba kama uzi wa kushonea.

Sauti haikukatika.

Nikaruka kutafuta bisibisi. Mamako akanishika mkono: "Wacha! Usiguse." Nikaketi. Mwanangu, watu kumi na saba walitazama mstari ule mpaka kipindi kikaisha, na walicheka kila mahali pa kucheka. Ojwang' akinyamaza kidogo, chumba kizima kinanyamaza naye, maana kila mtu anajua anavyotoa macho akibanwa. Na wewe ukasogea mbele, ukaweka kidole juu ya kioo, ukasema: "Ona macho yake!" Kwenye mstari! (Kesho yake nilifungua nikakuta kifaa kidogo kinachoitandaza picha kutoka juu hadi chini kimeungua. Ni ugonjwa wa kawaida wa TV za kioo kile, na spea yake haikuwa ghali.)

Sasa nikwambie ninavyoamini mimi, na mimi si msomi wa mambo haya, ni fundi tu. Kuna kichekesho cha kushtukiza na kuna kichekesho cha kungojea. Cha kushtukiza ukishakijua kimekwisha, kama kibiriti kilichowashwa. Hizi klipu unazonitumia nyingi ni za namna hiyo, nacheka halafu jioni mamako akiniuliza nilikuwa nacheka nini sikumbuki. Cha kungojea ni kingine. Kile utamu wake uko kabla ya tukio, ile hatua mbili tatu ambazo James anakikaribia kile kichwa cha simbamarara nawe umeshika pumzi. Ukikijua ndivyo unavyokifaidi, maana asiyejua hana anachongojea.

Wewe mwenyewe ulinifundisha. Nikikwambia "Paukwa", unajibu "Pakawa", kisha unataka hadithi ya sungura, ile ile, kila usiku. Nikichoka nikaruka mahali ili nikalale, unanikamata: "Baba, hujasema fisi aligonga mlango mara ya tatu." Ulikuwa unajua fisi atagonga. Ungelala vipi kama hajagonga?

Lakini kungojea pekee hakutoshi, maana hata foleni ya hospitali ni kungojea. Lazima umjue mtu unayemngojea. Ojwang' tulimjua kama jirani, mzee wa maneno mengi aliyeolewa na matata yake mwenyewe, na mke asiyemwogopa. Wengi Kisumu waliapa kwamba ni wa kwao, kwa vile Kiswahili chake kilivyobeba lafudhi ya Kijaluo. Kumbe jina lake lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Alipofariki Julai 2015, mteja wangu mmoja wa kutoka Nyalenda, kule Kisumu, alikataa katakata kuamini habari hiyo ya Ukikuyu, akasema magazeti yamekosea. Sikubishana naye. Mtu akivaa ngozi ya mwingine kwa miaka mingi vile bila kuivua hata mara moja mbele yetu, nani wa kumnyang'anya?

Na hilo ndilo jambo jingine. Ojwang' hachekeshi, anahangaika. James naye hachekeshi, anafanya kazi. Tazama kile kipindi cha Vioja Mahakamani: hakimu amenuna, kiongozi wa mashtaka amenuna, Ondiek au Makokha yuko kizimbani anajitetea kwa uchungu wa kweli kuhusu mambo ya kipuuzi, na hakuna anayetukonyeza. Mimi niliwahi kuitwa shahidi katika kesi ya TV iliyoibwa dukani kwangu. Mshtakiwa alimwambia hakimu kwamba hakuiiba, aliiona inanyeshewa akaihurumia. Ilikuwa Januari, jua kali. Karani aliinamisha kichwa kwenye faili na mabega yanatetemeka. Hakimu hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililotumaliza sisi tuliokaa nyuma.

Usidhani basi kwamba kila cha zamani kinadumu. Unawakumbuka Redykyulass, wale vijana watatu, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie? Walimwiga Rais Moi akiwa bado Ikulu. Sisi wa Nakuru, nyumbani kwake Kabarak ni hapo juu tu, tulikuwa tunafunga dirisha kwanza ndipo tunacheka. Nilikuwa na mteja, askari wa zamani, alikuwa anacheka kwa kuziba mdomo na kofia. Juzi nilimwonyesha kijana anayenisaidia dukani, aliyezaliwa Moi alipokwisha kustaafu. Aliangalia kwa heshima, akasema, "Sawa, fundi." Hakuona kitu. Hakuwahi kufunga dirisha. Nusu ya kile kicheko ilikuwa woga wetu, na woga ule haukurekodiwa kwenye kanda. Kiarie mwenyewe siku hizi ni mheshimiwa, mbunge wa Dagoretti Kusini tangu 2017, na vijana wengine wanaiga waheshimiwa.

Maneno nayo husafiri kwa shida. Waingereza wana kichekesho chao cha mwaka 1976, cha The Two Ronnies, ambapo mteja anaingia duka la vifaa, muuzaji anasikia anataka mishumaa minne, kumbe anataka mipini ya uma wa shambani. Kwa Kiingereza, namna yule mteja anavyokula herufi, vitu hivyo viwili, "four candles" na "fork handles", vinatamkwa sawa. Kwa Kiswahili hakuna cha kufanana, ukimweleza mtu anabaki kukutazama. Miguu ndiyo haihitaji mkalimani. Ndiyo maana Wajerumani hawakujisumbua kumtafsiri James, na ndiyo maana Mr Bean, aliyeanza kuonyeshwa Uingereza siku ya kwanza ya 1990, bado anawekwa kwenye mabasi yetu ya kwenda Kisumu, na nyanya wa Ahero asiyejua neno la Kiingereza anacheka mpaka anashuka kituo kisicho chake.

Jambo moja liliniuma nilipokuwa nasoma habari hizi. BBC, wakubwa wote wale, walikuwa wanafuta kanda za vichekesho vya miaka ya sitini ili warekodi vingine juu yake. Kanda ilikuwa ghali. Vipindi vingi vya Peter Cook na Dudley Moore vilipotea hivyo. Kama fundi nawaelewa, hata mimi nimewahi kufuta arusi ya shangazi yako nikarekodi mpira, na mpaka leo amani haijarudi. Lakini fikiria huyo Frinton. Alikufa 1968. Wajerumani walianza kukiweka kichekesho chake rasmi kila usiku wa kufunga mwaka kuanzia 1972. Alijikwaa mara kumi na moja siku ile ya kurekodi, akapanguza jasho, akaenda zake, hakujua kwamba yule nyanya wako angekuja kumsubiri kila Desemba.

Kuhusu nyanya huyo, sina ujuzi wa magonjwa ya kusahau, hiyo ni kazi yako. Ila mwaka huu ukipata zamu hiyo tena, usiangalie televisheni. Kaa karibu naye umwangalie yeye, kisha uniambie anaanza kucheka James akiwa amefika wapi: mezani, katikati ya sakafu, au akiwa bado anashika chupa. Nataka kujua.

Najua utataka pia kujua kama yule mwalimu aliwahi kuipata TV yake. Aliipata, baada ya wiki tano. Kila alipopita dukani alikuwa anauliza, "Fundi, ile TV iko tayari?" nami namjibu, "Kesho, mwalimu." Alishastaafu siku nyingi, ile TV ilishakwenda kwa watu wa vyuma chakavu, na yeye bado anapita akienda sokoni, bado anauliza, na mimi bado namjibu.

Leo saa tano nimemwona akivuka barabara na fimbo yake, polepole, bodaboda zinampigia honi. Nimeweka bisibisi chini. Alikuwa bado upande wa pili, na kijana wangu akaniuliza, "Fundi, unacheka nini?"

Vaa soksi mbili, mamako anasisitiza.

Ni mimi babako.