Niliyemfundisha Kazi Ananizidi Mshahara

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 26, shahada yangu ni ya uhasibu. Mwaka 2023 niliajiriwa na kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar es Salaam, kama msaidizi wa mhasibu, mshahara shilingi 600,000. Niliambiwa majaribio yakiisha wataangalia upya. Yakaisha, na hakuna aliyeangalia. Baadaye mhasibu wetu aliacha kazi na mafaili yake yote yakahamia mezani kwangu. Juzijuzi wameajiri kijana wa kiume tuliyemaliza naye chuo mwaka mmoja, nikaambiwa nimfundishe. Orodha ya mishahara inapita mikononi mwangu, kwa hiyo nimeona: yeye analipwa 800,000. Baba anasema nishukuru, wenzangu wako nyumbani. Kuna kampuni nyingine imeniahidi 650,000 mkononi, bila makato. Nihame, nidai, au ninyamaze?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia mara kadhaa, na kila nikifika pale unapomfundisha kazi mtu anayekuzidi laki mbili, nasikia uchungu. Kwa miaka mingi nilikuwa afisa rasilimali watu kwenye viwanda vya Barabara ya Nyerere. Nilikaa upande ule wa meza ambao wewe huuoni, na nataka nikueleze kinachotokea huko.

Mshahara wa mgeni hupangwa kwa bei ya leo. Mwajiri anauliza sokoni, anaambiwa kijana mwenye shahada anataka kiasi fulani, analipa. Mshahara wa mwenyeji unabaki pale alipoukubalia, mpaka mtu auguse. Na asipougusa mwenyewe, mara nyingi hakuna mwingine atakayeugusa. Vikaoni nimesikia kauli hii zaidi ya ninavyopenda kukumbuka: "Huyu hajasema kitu, ina maana ameridhika." Hivyo ndivyo ukimya wako unavyosomwa. Baba yako namheshimu, ameona watu wakikosa hata hicho kidogo, na hofu yake ni ya mzazi. Lakini kushukuru hakumzuii mtu kuuliza.

Nianze na ile 650,000 mkononi, maana hapo vijana wengi wanaumia. Chukua slipu yako. Kwenye 600,000, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanachukua asilimia 10, yaani 60,000. Kodi inahesabiwa kwenye 540,000 iliyobaki: 270,000 ya kwanza haitozwi, 250,000 inayofuata inatozwa asilimia 8, na 20,000 ya mwisho asilimia 20. Jumla 24,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi ni 90,000. Unabaki na 426,000. Ndiyo maana 650,000 inang'aa.

Sasa geuza upande wa pili. Mwajiri wako wa sasa anakuwekea NSSF 60,000 yake juu ya ile yako. Kwa hiyo anatoa 660,000 kwa ajili yako kila mwezi, na huyo anayekuita anatoa 650,000. Ofa hiyo ni ndogo kuliko ulichonacho! Deni la Bodi halifutiki kwa sababu mwajiri hakukata, litakusubiri. Na wewe ni binti wa miaka 26: mafao ya uzazi na ya kukosa ajira yanatoka kwenye michango hiyohiyo. Mwajiri anayejisifu kwamba hakati anakuambia mapema jinsi atakavyokutendea siku ukiugua. Hiyo ofa iache.

Tuje kazini kwako sasa. Kitu kimoja nakusihi: usiende kwa meneja ukasema "fulani analipwa 800,000". Umeona kwa sababu ya kazi yako, na mhasibu anayetumia orodha ya mishahara kwa shauri lake binafsi anajitengenezea kosa la nidhamu. Utakuwa na haki, halafu utajikuta wewe ndiye unayejieleza. Na huna haja ya kumtaja. Hoja yako inasimama bila yeye.

Hoja yako ni kazi. Uliajiriwa msaidizi, leo unafanya ya mhasibu. Iandike, ukurasa mmoja, kwa vitu vinavyoonekana: nani anawasilisha PAYE, kodi ya mishahara, kabla ya tarehe 7 na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kabla ya tarehe 20? Nani analinganisha vitabu na taarifa ya benki, anafunga hesabu za mwezi, anakaa na wakaguzi wakija? Kiti cha yule aliyeondoka kilikuwa na fungu lake kwenye bajeti, na tangu aondoke kampuni inapata kazi yake bila kulilipa fungu hilo. Usiliandike kwa ukali huo, ila lijue unapoingia mle ndani.

Sheria iko nawe hapa kuliko unavyodhani. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi, pamoja na kazi unayofanya. Mambo hayo yakibadilika, anatakiwa kushauriana nawe, ayarekebishe, na akujulishe kwa maandishi. Kazi yako imebadilika. Kwa hiyo unaomba karatasi ilingane na ukweli.

Omba cheo kwanza, ndipo pesa. Wengi wanafanya kinyume, wanapewa elfu hamsini, wanabaki "msaidizi" miaka mitano, na siku wakiomba kazi kwingine wasifu wao unasema msaidizi. Taja kiasi, na usikitoe hewani: uliza wenzako wa chuo walioko kwenye kampuni za mizigo na usafirishaji wanapata nini kwa kazi kama yako. Tuseme unaomba 900,000. Kwa hesabu ileile ya juu utapokea mkononi 594,500. Nyongeza ya laki tatu inakuingizia 168,500. Jua hilo kabla ya kuanza kumlipia mtu ada ya shule. Wakisema cheo kinasubiri kikao, omba posho ya kukaimu kwa barua, yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza.

Wakati nao una uzito. Kampuni nyingi zinazofunga mwaka Desemba hupanga bajeti Oktoba na Novemba. Anayeomba Januari anaambiwa fungu limekwisha, na mara nyingi ni kweli. Peleka barua yako Septemba.

Kuhusu kijana yule, jiulize kwa haki: ana CPA, ile sifa ya juu ya taaluma ya uhasibu? Ana uzoefu wa kwingine? Kama anayo, tofauti inaweza kuwa na sababu, nawe jisajili mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, inafanyika Mei na Novemba. Kama hana, kifungu cha 7 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha mwanamke na mwanaume wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Sikushauri uanze na hilo. Barua yako ikikaliwa kimya au ukijibiwa kwa dharau, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ukaeleze mbele ya msuluhishi, ambaye anaweza kutaka kuona kumbukumbu za mishahara kwa njia halali.

Na ukiamua kuondoka, ondoka vizuri: notisi ya siku 28 kwa maandishi, na udai cheti cha utumishi. Ni haki yako.

SWALI: Mama, najitolea kwenye ofisi ya utalii hapa Arusha, na huu ni mwezi wangu wa nane. Naingia saa 2 asubuhi, natoka saa 11 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Napewa nauli 5,000. Nikiuliza ajira naambiwa vumilia, nafasi inakuja.
Kijana, Arusha

JIBU: Mwanangu, huko si kujitolea tena. Sheria ya Taasisi za Kazi, kifungu cha 61, haiangalii karatasi inakuitaje. Mtu anayepangiwa saa na namna ya kufanya kazi, au aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita, huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 wewe unazimaliza ndani ya wiki moja. Anza leo kutunza ushahidi: daftari la mahudhurio lipige picha, barua pepe unazowaandikia wageni zihifadhi, meseji za kupangiwa zamu usizifute. Kisha mwandikie bosi, kwa heshima, ukiomba mkataba na ukitaja tarehe unayotaka kujibiwa. Wakikuondoa kwa sababu hiyo, una siku 30 tu za kufika Tume, hapo hapo Arusha, na kujaza fomu namba 1. Zikipita itabidi kwanza uombe kuongezewa muda, na maombi hayo yanaweza kukataliwa.